Stanley alikuwa mtoi wa nani? Hii ndiyo stori aliyoficha

Ile stori ya Stanley kumpata Livingstone pale Ujiji mwaka wa 1871 unaijua tangu shule. Sasa cheki hii: hata jina Stanley halikuwa lake.

Jamaa alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka wa 1841, akaandikwa John Rowlands. Mathe yake, Elizabeth Parry, hakuwa ameolewa, na kitabu cha ubatizo kikamwita mwanaharamu wazi wazi. Na buda? Hapo ndipo udaku ulianzia. Kuna wanaosema ni mkulima John Rowlands, wengine wanamnyooshea kidole wakili wa hapo mtaani, James Vaughan Horne.

Guka aliyemlea akafa. Akiwa na miaka 6, dogo akaachwa kwa nyumba ya maskini ya St Asaph. Akakaa huko miaka 9.

Mwaka wa 1859 akatua New Orleans. Baadaye akadai tajiri mmoja, Henry Hope Stanley, alimfanya mwanawe na kumpa jina. Mwandishi Tim Jeal alichimba hiyo stori, akaona haishiki. Umaarufu ulipokuja, watu wa Wales wakaanza kubonga. Yeye akakaza: mimi ni Mmarekani.

Alikufa London 1904, akiwa Sir. Mambo ya nyumba ya maskini aliyaandika mwenyewe, lakini kitabu kilitoka 1909, tayari yuko kaburini. Na hata humo, yule buda tajiri bado yuko.

Ungekuwa wewe, ungesema ukweli?