Maisha ya Emin Pasha, na Wale Aliowaacha Nyuma

Kwa toleo hili la ukumbusho kamati ilituomba sisi walimu tuandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani ambaye nyayo zake zilipita katika nchi hii tunamohifadhiwa. Wengine walitaka mfalme, wengine walitaka padri. Sisi tumemchagua Emin Pasha. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuondoka na kuanza upya, na swali lililotushinda katika mikutano yetu, yaani kama mtu aliyekosa au aliyeanguka anastahili kupewa nafasi nyingine, limemfuata tangu ujana wake hadi siku alipouawa.

Swali hilo kila mtu kambini analijua. Wapo vijana waliobeba bunduki huko tulikotoka, na leo wanaomba kufundisha watoto wetu au kuingia katika kamati. Wapo waume walioacha wake zao ng'ambo ya mpaka na kuoa upya huku. Wapo walimu na wauguzi wenye vyeti halali ambavyo huku havitambuliwi, wakaambiwa waanze darasani kama watoto. Mambo haya matatu hayafanani, lakini Emin alikutana nayo yote.

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 katika mji wa Oppeln, nchi ya Prussia, ambao siku hizi uko Poland na huitwa Opole. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na jina lake lilikuwa Schnitzer. Baba yake alifariki mtoto akiwa mdogo, mama akaolewa na Mkristo, na kijana akabatizwa kwa jina la Eduard. Alisomea udaktari, akamaliza Berlin mwaka 1864, lakini hakuruhusiwa kufanya kazi hiyo nchini kwake. Elimu ilikuwamo kichwani, ruhusa haikuwapo. Wenzetu wenye vyeti vilivyokataliwa hawahitaji maelezo zaidi hapo.

Basi akaondoka. Alifika Antivari, bandari iliyokuwa chini ya dola ya Waturuki, akapata kazi ya udaktari wa karantini. Alikuwa na kipaji kikubwa cha lugha, akajifunza Kituruki, Kialbania, Kigiriki na nyinginezo. Mwaka 1870 aliingia katika utumishi wa Ismail Hakki Pasha, liwali wa Albania ya Kaskazini. Mkubwa huyo alipokufa mwaka 1873, daktari alimchukua mjane wake pamoja na watoto, akawapeleka kwao Neisse na kuwatambulisha kama familia yake mwenyewe. Halafu, mwezi wa Septemba 1875, alitoka nyumbani ghafula bila kuaga, akawaacha pale. Hakurudi Ujerumani tena mpaka kufa kwake.

Waandishi wengi hulipita jambo hili mbio, wakiharakisha kufika Afrika kwenye sifa zake. Sisi hatulipiti. Mjane yule na watoto wale waliachwa katika nchi wasiyoijua, miongoni mwa watu wasio ndugu zao, na wamama wa kambi hii wanaweza kutueleza vizuri zaidi kuliko vitabu maana yake ni nini.

Mwisho wa mwaka 1875 alitokea Khartoum akiwa mtu mwingine. Jina lake sasa lilikuwa Mehemet Emin, aliswali na Waislamu, alitibu wagonjwa, na alikusanya ndege, wanyama na mimea, akavipeleka katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Hata leo yule panya buku mkubwa wa msituni ana jina lake katika vitabu vya wataalamu. Gordon, Mwingereza aliyekuwa akitawala Jimbo la Ikweta kwa niaba ya Khedivu wa Misri, alimwita awe mganga mkuu, naye akafika Lado mwaka 1876. Alitumwa kwa Mutesa wa Buganda na kwa Kabarega wa Bunyoro. Mwaka 1878 akafanywa gavana wa jimbo zima. Hakuna aliyemwuliza cheti chake cha Berlin, wala habari za Neisse.

Jimbo hilo lilishika kingo za Nile kutoka Lado kushuka kusini hadi Ziwa Albert. Ngome zake za Dufile na Wadelai ziko huku huku Nile Magharibi, na mahandaki ya Dufile bado yanaonekana. Emin alikuwa mtawala mwenye bidii na mpole kwa kulinganisha na waliomtangulia. Alipunguza biashara ya watumwa, akapanga hesabu za serikali, akaandika mvua na joto la kila siku, ingawa macho yake yalikuwa mabovu hata akalazimika kuisogeza karatasi karibu iguse pua. Pamoja na hayo ni lazima tuseme kweli. Askari wake waliishi kwa kuchukua nafaka na ng'ombe wa wenyeji, na Wamadi, Waluo na Walugbara walioporwa hawakuona tofauti kubwa kati ya gavana mpole na gavana mkali.

Kisha mambo yakaharibika. Mahdi alianza vita vyake Sudan mwaka 1881, njia ya Nile ikafungwa mwaka 1883, na tarehe 26 Januari 1885 Khartoum ikaanguka na Gordon akauawa. Emin akarudi nyuma hadi Wadelai. Kwa miaka kadhaa hakuna meli iliyofika kutoka Misri, wala mshahara, wala nguo. Walilima pamba wakafuma nguo zao wenyewe, wakatengeneza sabuni, na mishumaa wakaifanya kwa nta. Serikali ya Misri ilimwandikia kwamba haiwezi kumsaidia tena, ajiokoe apendavyo. Sisi tulioishi kwa kungoja mgao tunaielewa barua ya namna hiyo.

Ulaya ikapata habari zake, na Stanley akatumwa kumwokoa. Alipita Kongo, akavuka msitu wa Ituri ambamo watu wake wengi walikufa kwa njaa, na tarehe 29 Aprili 1888 wakakutana kando ya Ziwa Albert. Ajabu ni kwamba mwokoaji alikuwa amechakaa na wafuasi wake wana njaa, hali aliyekuja kuokolewa alikuwa safi, na ndiye aliyewagawia chakula, viatu na nguo.

Askari waliposikia kwamba wataondolewa kwenda kusini, waliingiwa na hofu kuwa watauzwa utumwani. Mwezi wa Agosti 1888 maofisa wao waliasi pale Dufile, wakamfunga Emin pamoja na Jephson, msaidizi wa Stanley. Miezi miwili baadaye watu wa Mahdi wakafika kwa meli na kuiteka Rejaf. Waasi wakatambua kwamba wamemfunga mtu waliyemhitaji. Wakamwachilia aende Wadelai, na Dufile ikaokolewa na ofisa Msudani aliyeitwa Selim Bey, aliyepigana mpaka watu wa Mahdi wakarudi nyuma.

Februari 1889 Emin alifika kwa Stanley katika kijiji cha Kavalli, juu ya Ziwa Albert, akiwa pamoja na Selim Bey na maofisa wengine. Walikuja kuomba radhi na kuomba wachukuliwe. Emin alikuwa amekwisha kuwasamehe. Stanley hakuwaamini, lakini alikubali kuwapa muda warudi kuchukua wake, watoto na wazee wao. Siku ya mwisho ikawekwa tarehe 10 Aprili.

Yeyote aliyepata kuhamisha kijiji kizima kwa miguu anajua kwamba muda huo haukutosha. Meli za moshi zilikuwa chache na familia zilikuwa nyingi, na ofisa mwingine, Fadl el Mula, alijitenga na watu wake akachukua baruti. Selim alituma habari kwamba yuko njiani, asubiriwe. Kwa upande wake Stanley alikuwa na hoja. Watu wake walikuwa wamechoka, na alisema amegundua njama ya kuiba bunduki. Tarehe 10 Aprili 1889 msafara wa watu kama 1,500 ukaondoka. Emin alisikitika, akasema kidogo, akafuata.

Hapa ndipo tunapotofautiana sisi walimu wenyewe kwa wenyewe. Mmoja wetu anasema Emin hakuwa na la kufanya, kwa sababu msafara haukuwa wake. Wengi wetu tunaona kwamba mtu aliyepewa nafasi mpya mara tatu bila kuulizwa maswali alipaswa kuwapigania zaidi wale walioiomba mara moja tu.

Msafara ulifika Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Wajerumani waliandaa karamu, na jioni ile ile Emin, kwa ajili ya macho yake, alianguka kutoka ghorofani akapasuka fuvu. Alilala hospitalini wiki nyingi. Stanley alikwenda Ulaya kupokea sifa bila yeye. Alipopona, watu walidhani atakwenda kwao kupumzika pamoja na binti yake Ferida, aliyezaliwa na mama wa Kihabeshi. Badala yake akaingia utumishi wa Wajerumani, na Aprili 1890 akarudi bara. Alipandisha bendera yao Tabora, na mwaka huo huo akaanzisha kituo cha Bukoba. Wakuu wake wakamwamuru arudi. Hakurudi. Alikaza mwendo kuelekea kaskazini, nje ya mipaka aliyopewa, mpaka akafika tena karibu na Kavalli katikati ya mwaka 1891.

Selim Bey na watu wake walikuwa bado pale. Walikuwa wamefika, wakaukuta msafara umekwenda, wakakaa miaka miwili wakilima na kungoja. Emin aliwaomba wamfuate. Safari hii yeye ndiye mwombaji, na wao ndio waamuzi. Walimheshimu mkubwa wao wa zamani, lakini bendera aliyokuja nayo haikuwa ya Khedivu, nao walisema wao ni askari wa Khedivu. Wachache sana walikwenda naye. Wengine wote walikataa.

Hatuwezi kuwalaumu. Wala hatudhani walikataa kwa chuki, maana wangekuwa na chuki wasingempokea. Wanakamati wanaosema kwamba kumsamehe mtu ni lazima kumrudishia cheo chake, tunawaomba waufikirie mkutano ule wa Kavalli.

Septemba mwaka ule ule alifika Lugard, Mwingereza wa kampuni iliyotawala Uganda. Selim alimjibu kwamba hawezi kuingia utumishi mwingine bila idhini ya Khedivu, na Lugard akakubali kuiomba. Wakatoka pamoja, askari, wake, watoto na watumishi, watu wapatao 8,000. Wengi wao waliwekwa katika ngome za Toro kumzuia Kabarega. Mwaka 1893 Selim, akiwa mgonjwa, aliwatetea Waislamu wa Buganda katika ugomvi wao na serikali. Kapteni Macdonald akamshitaki kwa uasi na kumhamisha. Alifia Naivasha, njiani kwenda pwani. Lugard aliandika baadaye kumtetea, lakini maiti hatetewi akafufuka. Wajukuu wa askari wale ni Wanubi tunaowaona leo Arua, Koboko, Bombo, na hata Kibera huko Nairobi.

Emin aliingia msitu wa Ituri. Ndui ikaupiga msafara wake. Desemba 1891 alimwamuru mwenzake Stuhlmann aondoke na watu wazima, yeye akabaki na wagonjwa, akiwa karibu kipofu. Katika maisha yake yote hilo ndilo tendo tunalolipenda zaidi, kwa sababu mara hii hakuondoka. Mwaka uliofuata alielekea magharibi, na Oktoba 1892 aliuawa Kinena, nchi ya Kongo tulikotoka sisi, kwa amri ya Kibonge, mmoja wa wakubwa wa Waarabu waliokuwa vitani na Wabelgiji. Wawili kati ya waliohusika walikamatwa, wakanyongwa mwaka 1894.

Nchi aliyoitawala haikupata raha. Ilikuwa sehemu ya Lado ya Mfalme Leopold hadi mwaka 1910, ikawa ya Sudan, na mwaka 1914 ikaingizwa Uganda, na mipaka ikawakata Wakakwa na Walugbara vipande. Baada ya mwaka 1979 wenyeji wetu hawa walihukumiwa wote kwa jina la mtu mmoja, Idi Amin, wakakimbilia Zaire na Sudan. Waliolala Aru, Ariwara na Yei wakati ule ndio waliotupa mashamba haya. Hawakutuuliza tulikuwa nani kabla ya kuvuka. Lakini sisi wenyewe tunajuana, na ndiyo maana swali ni gumu zaidi kati yetu kuliko kati yetu na wao.

Juu ya vijana wanaoomba kufundisha, maoni yetu walimu ni kwamba wapokewe kwanza kama wasaidizi, chini ya mwalimu mwingine, na kwamba familia zilizoumizwa ziulizwe kabla ya kamati kupiga kura, si baada yake. Juu ya waume walioacha wake ng'ambo, tunasema majina ya wake hao yaandikwe katika daftari la kamati.

Wazee wenye habari za Wadelai na Dufile walizosimuliwa na babu zao, wawe Wanubi, Wakakwa, Wamadi au Walugbara, tunawaomba wafike shuleni jioni yoyote baada ya masomo. Daftari na kalamu tunazo.