Antonia Brico: Mwanamke aliyenyimwa okestra ya jiji

ALIZALIWA Rotterdam, Uholanzi, mwaka wa 1902, akalelewa California na walezi. Mnamo 1930, Antonia Brico aliongoza Berlin Philharmonic, heshima ambayo mwanamke wa enzi hizo hakutarajiwa hata kuitamani. Miaka minne baadaye aliunda okestra ya wanawake watupu jijini New York.

Alihamia Denver mwaka wa 1942, akitumaini kukabidhiwa okestra kuu ya jiji hilo. Nafasi ilipotokea, alipewa mwanamume. Sifa alikuwa nazo tele; kilichomponza ni jinsia yake tu.

Brico hakukitupa kijiti. Alifundisha piano ili kujikimu, na kwa zaidi ya miaka 30 akaongoza okestra ya wanamuziki wa ridhaa, watu waliofanya kazi nyingine mchana na kushika fidla jioni. Mmoja wa wanafunzi wake wa piano, mwimbaji Judy Collins, alishiriki kutengeneza filamu kumhusu mwaka wa 1974. Mialiko ya kuongoza okestra kubwa ikarejea, ila Brico tayari alikuwa amepita umri wa miaka 70.

Alifariki Denver mnamo Agosti 1989. Okestra ile ya ridhaa haikufa naye. Baadaye ilipewa jina Denver Philharmonic.