Prince Piero Ginori Conti, mutu aliyewasha taa kwa moto wa chini ya udongo

Sisi tunaokaa karibu na migodi tunajua: kadiri mutu anashuka chini, joto njo inazidi. Kwetu ile joto ni mateso, tunaipiganisha na mashini za kupeleka hewa. Lakini kule Italia kulikuwa mutu mumoja aliyeiangalia kwa jicho ingine, akaifanyisha kazi. Leo tunaeleza maisha yake.

Piero Ginori Conti alizaliwa Florence katika mwaka wa 1865, ndani ya jamaa ya wakubwa. Tuseme wazi: hakuwa mutoto wa kambi. Hata kazi iliyomupa jina aliipata kwa njia ya ndoa, juu alimuoa Adriana de Larderel, binti wa jamaa iliyokuwa na kampani ya asidi ya boriki kule Larderello, katika Toscana. Ile kampani ilianzishwa na Mufaransa, François de Larderel, katika mwaka wa 1818. Pale udongo unatoa mvuke wenyewe, maji inatokota ndani ya mashimo, na harufu ni ya mayai ya kuoza. Watu walipaita Bonde la Shetani. Ndani ya yale maji munapatikana asidi ya boriki. Mbele waliichemusha kwa kuni, na kuni zilikula faida yote. Kiisha 1827 Larderel akapata akili ya kuchemusha kwa mvuke uleule wa udongo.

Wakati mukwe Piero alipofika kwenye uongozi, mambo ilikuwa imegeuka. Boraksi ya Amerika ilikuwa imejaa sokoni, bei ikashuka. Watu wa migodi hatuna lazima ya kuelezewa sana maana ya bei kushuka: kampani yenye kuuza kitu kimoja tu, siku kile kitu kinakosa bei, kijiji kizima kinalala na njaa. Prince akajiuliza: huu mvuke unaochemusha maji, hauwezi kuzungusha mashini?

Tarehe 4 Julai 1904 akajaribu. Mashini ndogo, dinamo ndogo, na taa tano. Zikawaka. Wanapoandika habari ya siku ile wanataja jina la Prince peke yake. Wale waliotoboa udongo na kufunga mabomba ya moto hawatajwi, na sisi hiyo haitupendezi.

Tatizo kubwa lilikuwa chuma. Mvuke wa chini hauko safi, unabeba gesi na asidi, unakula mashini sawa vile maji ya mugodi inakula pompi. Basi hawakuuingiza moja kwa moja. Waliupitisha pembeni ya maji safi ili uyachemushe, na mvuke wa yale maji safi njo ulisukuma mashini. Ilipoteza nguvu, lakini mashini ilidumu. Paka katika miaka ya 1920 walianza kuingiza mvuke wa chini wenyewe ndani ya turbini.

Mwaka wa 1905 walifunga mashini ya nguvu za farasi 40. Mwaka wa 1913 ikafika turbini ya kilowati 250, kiwanda cha kwanza duniani cha kuuza umeme wa namna ile. Waya zikaenda mpaka Volterra na Pomarance. Ginori Conti, aliyekuwa pia mutu wa bunge na wa senati, alikufa katika mwaka wa 1939. Hakuona 1944, wakati askari Wadachi waliokuwa wanakimbia walibomoa viwanda vyake. Vita ilipoisha vilijengwa upya, na mpaka leo Larderello inatoa umeme.

Pengine mutu atauliza: hiyo inatuhusu nini? Inatuhusu. Katika mwaka wa 1952, hapa Katanga, kule Kiabukwa, walijenga kiwanda kidogo cha kilowati karibu 200 kwa kupatia kampani ya madini umeme. Hakukuwa mvuke mukali kama wa Larderello. Maji ilitoka udongoni na digri 91 tu, chini ya digri za kutokota, na hata hivyo ilizungusha mashini. Afrika nzima, Kiabukwa ilitangulia. Kenya, inayosifiwa leo kwa Olkaria, ilianza paka 1981. Mashini za Kiabukwa zilisimama zamani, hazikurudishwa.