Elijah McCoy, Mtia Oili wa Reli

Katika Chama chetu cha Kiswahili wengi hupenda kuandika maisha ya wafalme, wanasiasa na washairi. Mimi nimeonelea nishike kalamu nimwandike mtu wa oili. Naam, oili hii hii inayochuruzika chini ya malori tuliyozoea kuyaona yakibeba mawe ya chuma hapa Kishushe. Mtu huyo ni Elijah McCoy, na ijapokuwa alikufa zamani, kila makanika wa Voi ni mwanafunzi wake bila kujua.

Alizaliwa mwaka 1844 huko Colchester, Ontario, nchini Kanada. Wazazi wake, George na Mildred, walikuwa watumwa katika jimbo la Kentucky, Marekani. Walitoroka, wakavushwa mpaka na watu waliokuwa wakiwaficha watumwa njiani. Baadaye jamaa hiyo ilirudi Marekani ikakaa Ypsilanti, jimbo la Michigan. Elijah alipotimiza miaka 15, wazazi wake walimpeleka Edinburgh, Skotlandi, akajifunze uhandisi wa mitambo. Hebu fikiria, msomaji: watu waliotoka utumwani mikono mitupu wanampandisha mtoto meli avuke bahari kwenda kusoma! Sisi hapa karo ya muhula mmoja tu huuzwa mbuzi.

Akahitimu, akarudi nyumbani na cheti chake cha uhandisi. Hapo ndipo kisa kinaponiuma mimi. Mhandisi mweusi hakuna aliyemtaka. Kazi aliyoipata katika reli ya Michigan Central ni ya kutupa makaa tanuruni na kutia mafuta kwenye injini. Ndiyo kusema alisomea kuunda mitambo, akapewa koleo na kopo la mafuta. Wako vijana wa kwetu waliomaliza vyuo vya ufundi na mpaka leo ni matanboi wa malori. Hao wataelewa upesi kuliko mimi.

Lakini kopo lile ndilo lililomfungua macho. Chuma kikisuguana na chuma hupata moto, kikalika, mwisho kikashikana. Ndiyo maana ya mafuta: hukaa katikati kama utando mwembamba ili vyuma visigusane. Katika siku zile ilikuwa kawaida treni isimame, mtia mafuta ashuke, azunguke injini akimimina hapa na pale, kisha safari iendelee. Wengine walikwisha jaribu kuitafutia kazi hiyo mashine. John Ramsbottom wa Uingereza alitengeneza chombo chake mwaka 1860. McCoy naye akajifungia katika karakana yake ndogo ya Ypsilanti, na mwezi Julai 1872 akapata hataza yake ya kwanza, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi. Kilikuwa ni kikombe cha mafuta chenye valvu. Mvuke wenyewe wa injini ulikuwa ukiisukuma valvu ikafunguka, mafuta yakashuka kwenye silinda huku gari likienda. Injini ikawa inajilisha yenyewe!

Sisi watu wa Taita tusione hayo ni ya mbali. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita Voi, na kwa miaka mingi ni injini za mvuke zilizotifua moshi pale. Kuanzia mwaka 1955 zilikuja zile Garratt kubwa 34 zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zote zilihitaji silinda zake zipate mafuta bila kusimama nyikani, na Tsavo si mahali pa kushuka na kopo usiku.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo huzusha ubishi katika kila gereji: oili gani itiwe? Zamani silinda za mvuke zilitiwa shahamu ya ng'ombe. Kumbe shahamu ikipikwa na mvuke mkali hutoa asidi, nayo asidi hula chuma. Kwa hiyo mafuta yanaweza kuwepo tele na bado yakaua injini, kwa kuwa si yake. Ndivyo ilivyo hata kwa gari. Kwenye mtungi utaona 15W-40 au 20W-50. Namba ya kwanza, yenye W, huonyesha oili inavyotiririka ikiwa baridi. Ya pili ni uzito wake ikiwa na moto wa nyuzi 100. Nyepesi mno ikipata moto huwa kama maji, utando ukakatika. Nzito mno huchelewa kupanda asubuhi gari linapowashwa, na hizo sekunde chache vyuma vinatafunana. Kuna madereva wa hapa wanaoshikilia ati kwa sababu kwetu ni joto, nzito ndiyo bora daima. Mimi siafikiani nao. Mwenye kujua ni kitabu cha gari, kwa maana aliyeiunda injini ndiye aliyepima nafasi zilizo kati ya vyuma. Halafu angalia herufi: za dizeli huanza na C, za petroli huanza na S. Na ikiwa nyeusi kwenye dizeli usikimbilie kusema imeharibika, huenda inafanya kazi yake ya kubeba masizi. Ya kuogopwa ni ile ya bei ya kutupwa, ya mtungi usiojulikana ulikotoka. Injini ikishanoki, mwenye lori anauza shamba.

McCoy aliishi na swali hilo hilo mpaka uzeeni. Injini mpya zilikuja na mvuke mkali zaidi, mafuta ya kawaida yakawa yanaungua. Watu wakachanganya mafuta na unga wa grafiti, lakini unga ule ulikuwa ukiziba mifereji. Mwaka 1915, mzee wa miaka 70 na ushei, alipata hataza ya chombo kilichoweza kuupitisha. Kwa jumla alipata hataza zipatazo 57, ikiwemo ya meza ya kupigia pasi inayokunjwa. Nyingi za mwanzo aliwauzia wengine ili apate fedha za kuendelea, na faida kubwa wakaila wao. Kampuni yenye jina lake ilianzishwa mwaka 1920 tu.

Waingereza na Wamarekani wana msemo wa kusifia kitu halisi kisicho bandia kwa kutaja jina la McCoy, na wengi husema ni yeye. Msemo unaofanana nao ulikwisha chapwa Skotlandi mwaka 1856, yeye akiwa kijana mdogo, kwa hiyo mimi sitamvisha kilemba kisicho chake. Anavyo vyake vya kutosha.

Mwaka 1922 yeye na mkewe Mary walipata ajali ya gari. Mary akafariki mwaka uliofuata. Mzee mwenyewe aliipa dunia mkono wa buriani tarehe 10 Oktoba 1929, akiwa hospitali ya Eloise, Michigan, hana kitu. Mwaka 2012 serikali ya Marekani ilifungua Detroit ofisi yake ya kwanza ya hataza nje ya makao makuu, ikaipa jina la mtia oili huyo.