Mwana wa Fundi wa Kufuli Aliyeupa Umeme Kipimo

Georg Simon Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi, 1789, katika mji wa Erlangen, nchini Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa kufuli aliyejisomesha mwenyewe, naye akawafundisha wanawe hesabu nyumbani. Mwaka 1817 Ohm alikwenda Cologne kuwa mwalimu.

Huko alijitengenezea vyombo vyake, akaupitisha umeme katika nyaya za urefu na unene mbalimbali. Mwaka 1827 alichapisha kitabu chenye kanuni yake: umeme upitao katika waya huongezeka kadiri ya msukumo wake, na hupungua kadiri ya ukinzani wa waya huo. Wakubwa wengi wa elimu walikidharau. Ohm akajiuzulu, akaishi Berlin kwa kazi ndogo ndogo za ualimu, lakini hakuikana kanuni yake. Nuremberg ilimpa kazi mwaka 1833, na mwaka 1841 Chama cha Kifalme cha London kikamtunukia nishani ya Copley. Alifariki Munich tarehe 6 Julai, 1854. Mwaka 1881, mkutano wa wataalamu wa umeme mjini Paris ulikiidhinisha kipimo cha ukinzani chenye jina lake.

Karibu miaka 100 baada ya kifo chake, mwezi Aprili 1954, bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja. Umeme wake uliendesha mota za viwanda vya nguo vya Jinja na, baadaye, vya Mbale. Unyevu na vumbi la pamba hula polepole ngozi ya nyaya ndani ya mota. Ngozi hiyo ikichakaa, umeme huvuja hadi kwenye bodi ya chuma, na mtu akiigusa aweza kufa.

Kwa hiyo fundi mwangalifu kwanza hukata umeme na kuifunga swichi kwa kufuli. Kisha huunganisha mega: ncha moja kwenye koili, ya pili kwenye bodi. Kwa volti 500, ukinzani wa omu 1,000,000 huruhusu kupita nusu tu ya sehemu moja ya elfu ya ampia. Ukinzani ukiwa chini ya hapo, kwa desturi ya zamani ya mafundi, mota haiwashwi mpaka ikaushwe au isukwe upya.

Askari hukagua bunduki yake kabla ya zamu, ingawa jana ilifyatuka vyema. Fundi wa mota naye ni mlinzi wa namna hiyo, na kipimo anachokisoma ni jina la mwalimu asiyekubali kuiacha kweli ili apate cheo.