Baba Aliyemwandikia Adui Yake

Ndugu zangu mliomaliza na mlio bado madarasani, nawaletea kwa ufupi maisha ya Vladimir Monomakh, mtawala wa Rus aliyezaliwa mwaka 1053. Mkewe, Gytha, alikuwa binti wa Harold, mfalme wa Uingereza aliyeuawa vitani mwaka 1066.

Mwaka 1096 mwanawe Iziaslav aliuawa akipigana na Oleg, mtoto wa baba mkubwa wa Monomakh. Mfiwa hakuapa kulipa kisasi. Alimwandikia Oleg barua ya kutaka suluhu. Mwaka 1097 wakuu wa ukoo walikutana Liubech, wakapatana juu ya ardhi.

Mwaka 1113 watu wa Kyiv walimwita awatawale, akapunguza riba iliyowaelemea wadaiwa. Alifariki mwaka 1125.

Ugomvi unapozuka kazini, mimi humkumbuka: aliyeumizwa zaidi ndiye aliyetangulia kutoa mkono.