Käthe Kollwitz na Mtoto Aliyekaa Mbele Yake

Kumchora mtu kwa mkaa ni kazi ya watu wawili: mmoja wa kuchora, na mmoja wa kutulia kimya atazamwe. Juu ya picha za vyenye roho wanavyuoni wetu wana maneno yao, wala si hapa pa kuyajadili. Habari yetu leo ni ya bibi mmoja wa Kijerumani, na ya mtoto aliyekaa mbele yake.

Käthe alizaliwa tarehe 8 Julai, 1867, katika Königsberg, mji wa bandari ya Baltiki ambao siku hizi ni wa Urusi na waitwa Kaliningrad. Baba yake, mjenzi wa nyumba, alipoona bintiye ana mkono mwepesi alimtafutia mwalimu, naye mwalimu akampa sanamu za plasta azinakili. Lakini binti alipenda zaidi kuzurura bandarini na dadake, akiwatazama mahamali. Migongo iliyopinda kwa mizigo ilimvutia kuliko mabibi wa hariri.

Vyuo vikubwa vya sanaa vya serikali havikuwapokea wanawake zama hizo. Sababu moja ilikuwa darasa la kumchora mtu hai, ambaye mara nyingi alikaa bila nguo. Ilionekana si adabu msichana kuwamo. Hoja hiyo msomaji wa pwani hataiona ngeni. Käthe akasomea shule za wanawake, Berlin na kisha Munich.

Mwaka 1891 aliolewa na Karl Kollwitz, daktari aliyewatibu mafundi cherehani na jamaa zao katika mtaa wa makabwela wa Berlin. Wake za wafanyakazi walikuja kwa daktari, kisha wakamweleza mkewe yaliyowasibu: mume kakosa kazi, mtoto hapati nafuu. Hao ndio aliowachora, na nguo zao za kila siku, mmoja kashika tama, mwingine kajiinamia. Hakuhitaji kumvua mtu nguo ili aonyeshe mwili uliochoka.

Mkaa wake si huu wa jikoni. Ni vijiti vyembamba vya mti vilivyochomwa kwa hewa haba. Ukikilaza kijiti chapata kivuli kipana. Ukikisimamisha, mstari mwembamba. Ukikosea wapangusa kwa kitambaa. Kwa mtu asiyeweza kukaa muda mrefu, kwa kuwa ana watoto wanamngoja, sioni chombo kinachofaa zaidi.

Jina lake lilivuma mwaka 1898, alipoonyesha Berlin picha sita za chapa juu ya uasi wa wafumaji. Waamuzi walipendekeza apewe nishani ya dhahabu. Kaisari Wilhelm wa Pili akakataa.

Mwaka 1903 alitaka kuchora mama aliyefiwa na mtoto. Alikaa mbele ya kioo, akampakata mwanawe mdogo Peter, mwenye miaka 7, akajichora yeye na mtoto pamoja. Kazi ilikuwa nzito hata akaguna, na Peter, aliyejilegeza kama maiti, akamtuliza mamake kwamba picha itatoka nzuri. Ilitoka: mama kakunja miguu, uso kauzamisha kifuani mwa mtoto kama anayetaka kumrudisha ndani yake.

Vita vilipozuka mwaka 1914 Peter alikuwa na miaka 18, na hakuweza kujiandikisha bila idhini ya baba. Karl alikataa. Mama ndiye aliyemwombea kijana hadi idhini ikatoka. Mwezi wa Oktoba Peter aliuawa Ubelgiji, siku chache kabla ya vita hivyo hivyo kufika Tanga.

Tangu mwaka huo alianza kumfikiria ukumbusho. Kwanza alitaka kumchonga kijana mwenyewe amelazwa, wazazi kichwani na miguuni. Akajaribu, akaacha. Miaka ilipita, naye akapata heshima nyingi. Mwaka 1919 alichaguliwa katika Akademia ya Sanaa ya Prussia. Sanamu hazikumalizika mpaka 1932: baba na mama wamepiga magoti, nyuso ni za Karl na Käthe. Mtoto hayumo.

Mwaka uliofuata Manazi walimtoa katika Akademia. Mwaka huo huo alijichora kwa mkaa akiwa kazini: kichwa ubavuni, mkono na kijiti chake, na baina yao, mahali pa dhiraa, michoro ya haraka ya kwenda na kurudi.

Karl alifariki 1940. Mjukuu wao, aliyeitwa Peter kwa jina la ami yake, aliuawa vitani 1942. Mwaka 1943 bomu liliteketeza nyumba pamoja na kazi nyingi. Bibi Kollwitz alifariki Moritzburg, tarehe 22 Aprili, 1945, wiki mbili na ushei kabla ya Ujerumani kusalimu amri.

Zile sanamu mbili ziko Vladslo, Ubelgiji, katika makaburi ya askari zaidi ya 25,000. Jina la Peter limo katika jiwe lililo mbele ya baba. Mama ameinamisha kichwa.